Pahala Patupu

Khabari ya kifo cha Vuai Ussi
ilinifika imezibwa.

Nimekaa barazani Miembeni, miwani puani,
simu ya mjukuu wangu Raiye mkononi,
nnasoma jina, jina la baba, halafu
likaruka dirisha: mkopo wa dakika tano,
mwanamke anacheka na noti.
Nikatafuta alama ya kulifungia,
kitu kidogo kuliko kichwa cha sisimizi.
Kidole changu kinene, kilizoea risasi,
kikagusa kando.
Nikajikuta duka la viatu.

Nikarudi. Mistari imehama.
Pale nilipomwacha marehemu
pana kamari, pana mafuta ya kung'arisha uso,
pana kijigari kinakimbia chini ya kioo
hakifiki kinakokwenda.
"Babu, funga tu," Raiye akasema,
na yeye hufunga madirisha manane huku anatafuna ubuyu.
Nikamuuliza: umesoma nini?
"Kuna mtu kafa."
Jina hakulikumbuka.
Bei ya viatu aliikumbuka.

Vuai ndiye aliyenifundisha kupanga herufi,
kule kiwanda cha chapa, mimi kijana wa suruali moja.
Tulisoma kinyume, kama mtu asomaye kiooni.
Mimi nikijaza. Kila tundu nikitia neno.
Akaja, akatazama, akavuta sigireti:
"Huu ukurasa, au Darajani mkesha wa Idi?"
Akayatoa maneno yangu moja moja,
akatia baina yao vipande vya risasi visivyo sura,
vifupi, visivyogusa wino.
"Weye unadhani herufi ndizo zinazosema?
Mtoe mtu pumzi, uone atasema nini."
Akanigonga vidole kwa rula.
Siku ile nilimchukia.

Basi, kwenye simu nikasoma hivi:
*Maziko yatakuwa leo*
na chini ya yule mwanamke wa noti:
*baada ya Isha, nyumbani kwake.*
Nikaunga, kama anavyounga fundi
vipande viwili vya nguo mbalimbali.
Nikakoga. Nikavaa kanzu iliyopigwa pasi.
Nikatoka Magharibi ili niwahi, niishike jeneza.

Mlangoni, majamvi yameshatandikwa, watu wanasoma,
na harufu ya udi.
Pandu, mwanawe, akanishika mkono wote miwili:
"Baba, tumeshamzika. Alasiri, Mwanakwerekwe.
Hiki ni kisomo. Hukuona?
Iliandikwa."

Iliandikwa.
Sikatai, iliandikwa.

Nikapewa msahafu wa marehemu, mkubwa, umelegea uzi.
Pambizo zake pana, zimefanya manjano
pale vidole gumba vya watu wengi vilipopumzika,
wa kwake, wa babake, wa mtu nisiyemjua.
Nikaweka changu juu ya vyao.
Hakuna kilichofunguka.
Hakuna aliyeniuzia kitu.
Nikasoma Yasini mpaka mwisho, na jicho langu
halikukimbia hata mara moja,
jicho lile lile ambalo asubuhi
nililiona limezeeka.

Alfajiri nikenda Mwanakwerekwe.
Mchanga mbichi, kijiti, namba kwa rangi nyeupe.
Nilisimama muda wa mtu anayesubiri kufokewa.

Kiwanda kilipofungwa, tuligawana vilivyobaki.
Wengine walichukua herufi, wakaziuza kwa uzito wake.
Vuai alichukua kopo la biskuti
limejaa vile vipande vitupu,
akakaa nalo chini ya kitanda miaka thelathini.
Pandu hakujua ni nini, akanipa nichague.

Nikatia kimoja mfukoni.
Kizito kuliko kinavyoonekana. Hakina neno.
Kutoka pale hadi Miembeni, njia nzima,
nikakisoma kwa kidole.